Barua ya wazi kwa wakuu wa bima: ada iliyopokelewa mlangoni ihesabiwe tangu mlangoni

Kwa wakurugenzi wa kampuni za bima ya maisha na ya mazishi, na kwa mamlaka zinazosimamia kampuni hizo,

Sisi tunaoandika barua hii ni mawakala tunaopita nyumba kwa nyumba kukusanya ada za bima. Tunaijua kazi hii tangu hodi ya kwanza asubuhi hadi hesabu ya jioni. Tunawaandikia kwa sababu kuna mikataba ya watu wa kipato kidogo inayokufa huku wenyewe wakiendelea kulipa. Pesa imetoka mfukoni mwa mteja, risiti imeandikwa, lakini mkataba umefia katikati ya mlango wake na daftari la ofisi. Mwendo huo mfupi mnaupanga nyinyi. Mnaweza kuurekebisha bila kupandisha ada ya mtu yeyote.

Tuanze na hesabu ya siku, maana ndipo madhara makubwa yalipo.

Chukueni mkataba unaolipiwa kila mwezi, wenye siku 30 za nyongeza baada ya tarehe ya malipo, yaani siku ambazo mkataba bado unaishi ingawa ada imechelewa. Siku ya 29 imeangukia Ijumaa. Wakala anafika jioni, mteja anatoa pesa, risiti inaandikwa. Benki zimeshafungwa. Jumamosi ni siku ya 30. Usiku wake mfumo wa kompyuta unapitia mikataba yote, unaona huu haujalipiwa, unausitisha. Jumatatu wakala anapeleka pesa benki, Jumanne karani wa tawi anaingiza malipo. Hapo ndipo kosa linapojificha: mfumo haukatai pesa ya mkataba uliositishwa. Unaipokea na kuiweka katika hesabu ya pesa zinazosubiri kutambuliwa. Hakuna anayemwarifu mteja wala wakala. Mwezi unaofuata wakala anapita tena, anapokea tena, anatia sahihi tena. Miezi sita baadaye msiba unatokea, familia inakuja na kitabu kilichojaa sahihi, na dirishani wanaambiwa bima ilishakufa siku nyingi.

Katika mlolongo huo mteja hakukosea popote, na wakala alifanya kile alichofundishwa. Kosa ni kwamba kampuni inaihesabu ada kuwa imelipwa siku karani alipobonyeza kitufe. Kanuni ya uwakala ni ya zamani na iko wazi: aliyetumwa kupokea akishapokea, aliyemtuma amepokea. Tunaomba kanuni hiyo iingie ndani ya kompyuta zenu. Tarehe ya malipo iwe ile iliyo kwenye risiti ya mlangoni. Kama mnamruhusu wakala siku 2 za kazi kuwasilisha pesa, basi kazi ya usiku ya kusitisha mikataba isubiri angalau siku 3 za kazi baada ya siku za nyongeza kuisha. Kwa mafundi wenu wa kompyuta hilo ni badiliko dogo. Kwa mjane ni tofauti ya kuzika kwa bima na kuzika kwa mkopo.

La pili katika hilohilo: pesa yoyote ikiingia kwenye mkataba uliositishwa, taarifa itoke siku hiyohiyo kwa mteja, kwa wakala na kwa msimamizi wake. Hesabu ya pesa zinazosubiri isiwe chumba cha giza. Iwe na orodha inayopitiwa kila wiki, na kila kilichokaa humo zaidi ya siku 14 kipewe jina la mtu anayekifuatilia. Tunajua pesa hizo hufikaje humo. Tarakimu mbili za namba ya mkataba zimepishana, 4716 ikawa 4761. Baba na mwana wana majina yanayofanana na mmoja amelipiwa mara mbili. Mtu amelipa kwa simu akaandika namba yake ya simu mahali pa namba ya mkataba. Shemeji ndiye aliyetuma pesa na jina lake halimo kwenye mkataba wowote. Makosa haya ni machache kwa aina na yanajirudia, na tarakimu moja ya ukaguzi mwishoni mwa namba ya mkataba, inayokokotolewa kutokana na tarakimu nyingine ili kompyuta igundue namba iliyokosewa, ingezuia lile la kwanza karibu lote.

Malalamiko ya namna hii hayakuanza na sisi. Kampuni ya bima ya Prudential ya London, iliyoanzishwa mwaka 1848, ilianza mwaka 1854 kuuza bima za senti chache kwa wafanyakazi, zikikusanywa nyumbani kwao, na kampuni nyingi zikafuata mtindo huo. Tangu mapema watu walilalamikia gharama kubwa na wingi wa mikataba iliyokufa. Mwaka 1864 William Gladstone, waziri wa fedha, aliipitisha sheria iliyoiruhusu serikali ya Uingereza kuuza bima ndogo kupitia posta. Marekani, Louis Brandeis, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, alihesabu kiasi ambacho mfanyakazi alipoteza katika bima za aina hii, na jimbo la Massachusetts likapitisha mwaka 1907 sheria ya kuruhusu benki za akiba kuuza bima ya maisha bila wakusanyaji. Uingereza ikarudi kwenye jambo hili mwaka 1923 kwa sheria iliyoweka kamishna maalumu wa bima za kukusanywa nyumbani na kudai mteja apewe notisi kabla mkataba wake haujafutwa kwa malimbikizo, yaani ada zilizopita bila kulipwa. Ripoti ya William Beveridge ya mwaka 1942 kuhusu hifadhi ya jamii Uingereza ilifika mbali zaidi, ikapendekeza biashara hiyo yote igeuzwe kuwa huduma ya umma.

Tunayataja haya kwa nia njema. Sisi tunaamini kazi hii ina maana, kwa sababu wapo watu ambao bila mtu kugonga mlango wasingekuwa na bima hata moja. Lakini historia inaonyesha kwamba kampuni zisiporekebisha mwendo wa pesa zenyewe, hurekebishiwa na wengine, na wakala huwa wa kwanza kupoteza kazi.

Sasa risiti. Risiti ya mlangoni inapaswa kuandikwa pesa ikiwa bado mezani, kabla haijaingia mfukoni. Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Wakala anaonyesha kitambulisho chenye picha na tarehe ya kuisha. Anaomba kitabu cha mteja na kusoma mstari wa mwisho kwa sauti, ili wote wawili wajue walipoishia. Pesa inahesabiwa mbele ya mteja, mara moja na wakala, mara moja na mteja. Kisha inaandikwa risiti ya nakala tatu yenye namba mfululizo: moja ya mteja, moja ya tawi, moja inabaki kwenye kishina, yaani sehemu isiyochanwa ya kitabu cha risiti. Ndani yake mna namba ya mkataba, jina la mwenye bima, jina la aliyelipa kama ni mwingine, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na kipindi kinacholipiwa, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Mwisho, mstari huohuo unaandikwa kwenye kitabu cha mteja na kutiwa sahihi.

Kipindi ndicho kinachosahaulika zaidi, na ndicho kinacholeta ugomvi. Risiti inayosema tu kiasi haimwambii mteja kama amelipia wiki hii au deni la wiki tatu zilizopita. Yeye anaamini amelipa hadi leo, tawi limeziba malimbikizo ya zamani, na kila upande una ushahidi wake. Nyumba yenye mikataba mitatu ipate mistari mitatu, hata kama pesa imetoka kwa mkono mmoja na kwa noti moja. Mkiunganisha mikataba mitatu kwenye risiti moja, siku pesa ikipungua hakuna atakayejua ni mkataba wa nani uliobaki nyuma: wa mama, wa mtoto, au wa bibi ambaye ndiye aliye mgonjwa.

Tunaomba pia msikifute kitabu cha mteja kwa sababu tu mmeleta mashine za kuchapa risiti. Karatasi za mashine hizo huchapwa kwa joto, na kwa joto na mwanga huohuo hufifia. Iliyowekwa kwenye mkoba au juu ya kabati inaweza kuwa nyeupe kabisa kabla mwaka haujaisha. Bima ya maisha ni mkataba wa miaka mingi. Ushahidi unaofutika ndani ya miezi hautoshi. Mashine ni nzuri kwa sababu inapeleka taarifa haraka, na sisi tunaitaka. Lakini ihifadhi saa ya malipo hata pasipo na mtandao, na ipeleke saa hiyo ya kweli mtandao ukirudi, isipeleke saa ya kurudi kwa mtandao. Iwe na betri ya kumaliza siku nzima ya kazi. Na ujumbe wa kuthibitisha uende kwenye simu ya mteja mwenyewe palepale mlangoni, kabla wakala hajaaga. Tawi likague namba za simu kila mwezi. Namba moja ikionekana kwenye mikataba ya kaya tano tofauti, mtu aende akaulize, kwa sababu yawezekana ujumbe wote unaishia kwa wakala.

Tuko tayari kusema waziwazi kuhusu wizi, kwa kuwa mwizi mmoja hutuchafua wote. Wizi wa kawaida katika kazi yetu huanza polepole. Wakala anatumia pesa ya mteja wa Jumatatu, kisha Alhamisi anaiziba kwa pesa ya mteja mwingine, na wiki inayofuata wa tatu anamziba wa pili. Hesabu ya jumla haionyeshi kitu kwa muda mrefu. Kinachoonyesha ni tarehe. Linganisheni tarehe ya kishina na tarehe ya stakabadhi ya benki, mteja kwa mteja. Mteja ambaye malipo yake daima huingia wiki moja nyuma ya risiti yake anawaambia jambo. Tumeni msimamizi atembelee nyumba moja katika kila 20, bila wakala kuwepo na bila wakala kujua zipi, alinganishe kitabu cha mteja na daftari la ofisi. Na mlazimisheni kila wakala kuchukua likizo yake, mzunguko wake, yaani nyumba anazopita, ukishikwa na mtu mwingine kwa wiki mbili kamili. Aliyezoea kuziba pengo kwa pengo hawezi kuacha mzunguko mikononi mwa mwenzake. Kwa hiyo wakala ambaye hajawahi kuomba likizo kwa miaka asisifiwe kabla hajakaguliwa.

Hesabu ya wiki nayo ina shimo ambalo wasimamizi wengi hawalioni. Kanuni ni rahisi: malimbikizo ya mwanzo wa wiki, jumlisha ada za wiki, toa zilizokusanywa, unapata malimbikizo ya mwisho. Lakini malipo ya mbele lazima yakae kwenye safu yake. Tuseme mzunguko una ada 200 kwa wiki na malimbikizo ya ada 30. Wakala amekusanya ada 190, na kati ya hizo 6 ni za wateja waliolipa mbele. Malimbikizo ya kweli ni 30 jumlisha 200 toa 184, yaani 46. Ukichanganya zote unapata 40, na msimamizi anaandika kwamba hali si mbaya. Zile ada 6 zilizopotea kwenye karatasi ni za watu ambao siku zao za nyongeza zinaisha bila mtu kuwafuata. Fomu nyingi za wiki hazina safu hiyo. Iongezeni.

Tunafika kwenye malipo ya wakala, na hapa tunaomba msome taratibu.

Kamisheni kubwa hutolewa kwa mkataba mpya, ndogo kwa ada zinazofuata, na mkataba ukifa mapema kamisheni ya mwanzo hudaiwa irudi. Makusudio yake ni kumzuia wakala asiuze hovyo. Matokeo yake mlangoni ni tofauti. Wakala anayejua kwamba mkataba ukifa mwezi huu atakatwa kamisheni ya miezi mingi kwa mkupuo, huchukua pesa yake mwenyewe akamlipia mteja. Kwanza kwa wema, kwa mteja mmoja anayengoja mshahara. Kisha kwa wanne. Kisha anakopa. Mteja naye hajui kwamba mkataba wake unaishi kwa pesa ya mtu mwingine. Siku wakala akichoka au akihama, mikataba yote aliyoibeba inakufa kwa wiki moja, na nyinyi mnashangaa mzunguko uliokuwa mzuri umeanguka. Mwingine hujaribu kurudisha alichotoa kwa kuchelewesha pesa ya mteja mwingine, na hapo ndipo wema unapogeuka wizi tuliouelezea juu.

Dawa yake inajulikana. Kamisheni ya mwanzo igawanywe itolewe kwa miezi 24 kadiri ada zinavyoingia, ili pasiwe na kitu kikubwa cha kudaiwa. Asilimia ya makusanyo ya miaka inayofuata ipande kufidia. Wakala anayetunza mikataba ya zamani apate riziki sawa na anayefukuzia mipya. Ipigwe marufuku kwa maandishi wakala kumlipia mteja, na badala yake mteja aliyekwama apewe njia halali: kusogeza tarehe mara moja kwa mwaka, au kupunguza kiwango cha bima ili ada ishuke, au kama mkataba una thamani iliyojengeka, kuugeuza uwe bima ndogo isiyodai ada tena. Njia hizi mara nyingi zimeandikwa kwenye ukurasa wa nyuma wa hati kwa maneno ambayo hata sisi tulihitaji kufundishwa. Ziandikwe kwenye kitabu cha mteja, kwenye jalada la ndani, kwa Kiswahili cha kueleweka.

Kuna pia suala la muda. Mzunguko wa nyumba 200 kwa siku tano ni nyumba 40 kwa siku. Ukitumia dakika 6 kwa kila mlango, kwa utaratibu wa risiti tuliouelezea, ni dakika 240. Mwendo wa dakika 4 kati ya nyumba na nyumba ni dakika 160 nyingine. Tayari ni saa 6 na dakika 40. Nyumba 10 zikikosa mtu na wakala akirudi, saa 8 zimekwisha kabla hajafika benki wala kufungua daftari. Wakala aliyepewa nyumba 300 atafanya nini? Ataruka kuhesabu pesa mara mbili, ataacha kuandika kipindi, ataandika vitabu vya wateja jioni nyumbani kwake kwa kumbukumbu. Makosa mnayoyaona ofisini yamezaliwa na ukubwa wa mzunguko. Wekeni kikomo. Na kwa kuwa mlango wa ada ndogo unachukua dakika zilezile za mlango wa ada kubwa, pawe na malipo kidogo kwa kila ziara iliyoandikwa, pamoja na asilimia. Vinginevyo mnamlipa wakala ili awaruke maskini.

Tunakiri pia kwamba ukusanyaji wa kila wiki ni ghali, na gharama hiyo hulipwa na mteja. Aliye na mshahara wa mwezi hana haja ya kugongewa kila wiki, aelezwe kwamba kulipa kwa mwezi au kwa simu kunapunguza ada, na ada ipunguzwe kweli. Wiki zibaki kwa anayepata pesa kwa wiki au kwa siku. Ratiba ifuate siku mtu anapopata pesa. Mteja anayelipwa Jumamosi akifuatwa Jumatano ataonekana mdaiwa sugu mwaka mzima, ilhali kosa ni la ratiba.

Kuhusu kubadilisha wakala, tunayo machache tu, ila ni ya lazima. Wakala akiondoka, mzunguko wake usikae bila mtu. Wiki mbili za kutopita huwa wiki nne kabla mteja hajapata pesa ya kulipa zote kwa pamoja, na wengi hapo hukata tamaa. Wa zamani na mpya wapite pamoja angalau mzunguko mmoja, kitabu cha kila mteja kilinganishwe na daftari, tofauti ziandikwe na kutiwa sahihi na wote watatu. Wakala mpya asirithi deni la makosa yasiyo yake. Ikiwa wa zamani amefukuzwa, mteja ajulishwe kwa maandishi jina la aliyeondolewa ruhusa ya kupokea pesa, siku hiyohiyo, kwa sababu atakayeathirika ni yule anayeendelea kumfungulia mlango.

Usalama. Mtu anayepita mtaa uleule siku ileile saa ileile akiwa na pesa anajulikana. Wekeni kiwango cha juu cha pesa anachoruhusiwa kubeba, na akikifikia aweke benki au kwa wakala wa pesa za simu kabla ya kuendelea, kwa gharama ya kampuni. Mpangilio wa mitaa ubadilike. Vishina vya risiti vibebwe mbali na pesa, kwenye mfuko mwingine, ili akiporwa kiasi kilichopotea kijulikane kwa kuhesabu vishina, na wateja waliolipa siku hiyo wajulikane mmoja mmoja. Hasara ya uporaji ulioripotiwa polisi siku hiyo iwe ya kampuni. Leo baadhi yetu hukatwa hasara hiyo kwenye kamisheni, na kuna waliojeruhiwa kwa kung'ang'ania mkoba kwa sababu walijua watalipa wao.

Jambo la mwisho kubwa ni fomu ya maombi, maana madai mengi yanayokataliwa yamepandwa pale. Fomu ina maswali ya afya. Wakala ana haraka, mteja amechoka au hasomi vizuri, maswali yanasomwa kwa mkupuo na majibu yote yanajazwa "hapana". Mteja aliyesema mdomoni kwamba ana shinikizo la damu anajikuta ametia sahihi kwamba hana ugonjwa wowote. Akifariki ndani ya miaka ya mwanzo, kampuni inafungua faili la hospitali, na dai linakataliwa kwa kuficha ukweli. Nani aliyeficha? Tunapendekeza maswali yapungue yabaki yale ambayo majibu yake yanabadilisha kweli uamuzi wenu, kila jibu liandikwe kwa maneno ya mteja, na ndani ya siku 7 mtu mwingine kutoka ofisini ampigie mteja amsomee majibu yake. Mtu akirekebisha, fomu irekebishwe kabla hati haijatoka. Pia wekeni kikomo cha muda ambacho baada yake kampuni haiwezi tena kuupinga mkataba kwa sababu ya fomu. India iliweka kikomo cha namna hiyo katika Sheria ya Bima ya mwaka 1938, kifungu cha 45, na tangu marekebisho ya mwaka 2015 ni miaka 3. Pale ambapo sheria haijaweka kikomo, mamlaka ya usimamizi iweke.

Na wanufaika, yaani wale watakaolipwa mwenye bima akifariki. Mtu anakata bima akiwa hajaoa, anaandika jina la mama yake. Miaka inapita, mama anafariki, yeye ana mke na watoto, jina la kwenye hati halijabadilika. Wakala yuko mlangoni mwake kila mwezi na hakuna fomu inayomtaka aulize. Ukurasa mmoja kwa mwaka unatosha: nani mnufaika, bado yu hai, jina lake linaandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, na kama ni mtoto nani atapokea kwa niaba yake. Wakala anaona mengi mengine ambayo ofisi haiyaoni. Mwaka 1909 kampuni ya bima ya Metropolitan Life ya New York ilianza kuwatuma wauguzi kwa wateja wake wagonjwa. Mlangoni panajulikana nani anaumwa, nani amehama, nani amefiwa na hajui kama kuna bima ya kudai. Mnaweza kutumia macho hayo kulipa madai upesi, badala ya kungoja familia igundue hati baada ya miaka.

Kwa mamlaka za usimamizi tunaongeza ombi mahususi. Zitakeni kampuni zitoe kila robo ya mwaka takwimu tatu kwa bima za kukusanywa nyumbani: mikataba mingapi imekufa kabla ya mwezi wa 13 na kabla ya mwezi wa 25 tangu ilipoanza, pesa kiasi gani imo kwenye hesabu ya zinazosubiri kutambuliwa, na madai mangapi yamekataliwa kwa sababu ya ada wakati familia ina risiti. Takwimu hizo zitangazwe kwa jina la kampuni, zisomwe na yeyote.

Tunaomba kukutana nanyi, tukiwa na daftari, vishina na vitabu vya wateja mezani, pamoja na mafundi wanaopanga ile kazi ya usiku ya kusitisha mikataba. Tungependa tuanze na badiliko la tarehe ya malipo, kwa sababu halihitaji fomu mpya wala mafunzo, na kila mwisho wa wiki unaopita kuna Ijumaa nyingine ya pesa iliyolipwa ambayo mfumo hauioni.

Wenu katika kazi,

Mawakala wakusanyaji wa ada za bima, nyumba kwa nyumba